Nasoma uandishi wa habari Cardiff lakini habari yenyewe sijawahi kuandika

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nasoma masta ya uandishi wa habari Cardiff kule Wales. Tangu nifike ni esei na nadharia tu, juzi mhadhiri katuambia tukatafute habari mtaani nikabaki nimeduwaa, mji siujui, watu siwajui na Kiingereza chao kinanipita. Nifanyeje nisirudi nyumbani na cheti kitupu? Na je naweza kuuza makala kwa magazeti ya huku nipate hela kidogo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo la hela maana ndo linaweza kukuponza. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kuajiriwa, kwa ngazi yako mwisho saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, ila kujiajiri hapana, na kuuza makala mojamoja gazetini ndo kujiajiri kwenyewe. Usiguse kabisa. Andikia bure gazeti la wanafunzi, hapo Cardiff mnalo gair rhydd, kwa Kiwelshi maana yake neno huru, lipo tangu 1972, na ukitaka redio mnayo pia.

Sasa habari utaitoa wapi? Nenda mahakamani. Mahakama ya mahakimu iko Fitzalan Place, kutoka chuoni unaenda kwa miguu, na kesi za watu wazima nyingi ziko wazi kwa yeyote, unaingia tu unakaa nyuma na daftari lako (za watoto ndo huingii). Chagua siku moja ya wiki iwe yako, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe.

Mimi nilisomea hukohuko Uingereza na somo kubwa nililipata mahakamani. Kesi ya wizi wa dukani, ndogo tu, karani kasoma anuani ya mshtakiwa haraka haraka, nyumba namba 50, mimi nikasikia 15. Kwa wenzetu anuani na umri vinaandikwa kwenye habari ya mahakama ili asichanganywe na mtu mwingine, sasa fikiria huyo anayekaa namba 15 anaamka asubuhi majirani wanamwangalia kama mwizi! Mhariri wetu, mwanafunzi mwenzangu, aliniuliza una uhakika, nikakosa jibu, akanirudisha kwa karani siku ileile. Tangu hapo namba yoyote naithibitisha kabla sijatoka mlangoni.

Simu yako izime. Kurekodi sauti mahakamani bila ruhusa ni kosa kwa sheria ya 1981, na picha zilishakatazwa tangu 1925, kwa hiyo unabaki na kalamu na hapo ndo utaelewa kwa nini wanasisitiza hatimkato, yaani maandishi ya alama fupi ya kuandika haraka, kama ile waliyokuwa wanasoma makatibu muhtasari wetu zamani. Yao inaitwa Teeline na kiwango kinachotafutwa ni maneno 100 kwa dakika. Kama chuo chako kinafundisha jiandikishe, hata kama ni ya hiari, na hicho Kiingereza kinachokupita kitanyooka humohumo maana utakuwa unasikiliza kila neno.

Kuhusu watu, shuka Butetown, karibu na bandari, Wasomali na Wayemeni wako pale tangu enzi za mabaharia wa meli za makaa ya mawe. Usiende na maswali siku ya kwanza. Salimia, kaa, kunywa chai, rudi tena wiki inayofuata, wewe umetoka kwenye salamu ndefu na hiyo ni mali ambayo wenzako darasani hawana.

La mwisho, sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote, hata asiye raia, kuiuliza halmashauri kwa maandishi, nayo ina siku 20 za kazi kujibu. Barua pepe tu inatosha. Wazee wa Butetown wakikulalamikia jambo, uliza halmashauri imetumia shilingapi kwenye jambo hilo, taja na mwaka, halafu anza kuhesabu siku.