Waifai imejaa, mbona hakifunguki kitu?

Nina steshenari hapa Majengo, Moshi, na msimu wa maombi ya vyuo swali ni lilelile: "Dada, waifai imejaa, mbona hakifunguki kitu?" Nikiangalia simu, kweli mistari ya alama ya waifai imejaa.

Ile mistari haina habari na intaneti. Inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na rauta (kifaa kinachotoa waifai), basi. Rauta ikiwa mezani hapo pembeni, mistari itajaa hata kama bando liliisha tangu jana usiku. Kwa hiyo mwenye kirauta cha laini, angalia salio kwanza kabla hujaanza kuzima na kuwasha vitu.

Intaneti yenyewe hupimwa kwa jaribio jingine, kimyakimya. Windows 10 na 11 huomba kifaili kutoka msftconnecttest.com chenye maneno "Microsoft Connect Test" tu. Kisiporudi, alama ya waifai pale chini kulia inageuka tufe lenye alama ya katazo. (Kwenye Windows 7 ilikuwa pembetatu ya njano.) Android huuliza seva ya Google na kusubiri jibu namba 204, yaani ombi limefika ila hakuna cha kurudisha. Jibu lisipokuja, simu nyingi huweka alama ya mshangao kwenye waifai. iPhone hujaribu captive.apple.com, ila onyo lake liko ndani ya setingi, chini ya jina la mtandao. Wateja wangu wanaobisha sana ni hao wa iPhone.

Kinachoumiza mfuko ni hiki: Android ikiona waifai haina intaneti, inaweza kuhamia kwenye data ya laini bila kukuuliza. Unatazama video ukijua ni ya hoteli, kumbe linaliwa bando lako. Ukitaka kupima waifai, zima data kwanza. Na kwenye hoteli au mgahawa wenye ukurasa wa kuingia, ukurasa ukigoma kutokea, andika neverssl.com kwenye brauza. Tovuti hiyo haina ile kufuli ya usalama, hivyo ni rahisi rauta kukuelekeza panapotakiwa.

Tufe nalo hukosea. VPN ya ofisini (programu ya kupitisha intaneti yako kwenye njia ya siri) ikizuia lile jaribio, kompyuta itasema hakuna intaneti huku barua pepe zinaingia. Mimi hufungua tovuti ambayo sijaifungua siku hiyo, maana ukurasa wa zamani unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye brauza ukakudanganya.

Ukimpigia mtoa huduma, kumwambia "waifai haifanyi kazi" hakumsaidii. Mwambie mistari imejaa lakini tufe limetokea, kisha msomee taa za kile kiboksi cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga unaobeba intaneti ndani ya waya haufiki kwenye kiboksi. Kagua kama waya haujakunjwa nyuma ya kabati, la sivyo mwite fundi.