Anza na Boriti: Kujenga Maficho ya Minecraft kwa Sura ya Nyumba ya Mawe ya Bagamoyo

Mgeni wa Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku, akishazoea kuchimba na kupika, hamu ya kwanza ni kuwa na maficho yake mwenyewe: pa kulala, pa kuweka mali, pa kujivunia wenzake wakija. Na kosa la kwanza humkuta papo hapo. Anatandaza sakafu ya 20 kwa 20, anainua kuta bloku saba, anaezeka, kisha anasimama katikati ya ukumbi mtupu bila kujua aweke nini. Anajaza makasha, anabandika picha, anatundika bendera, na bado panaonekana kama ghala. Mapambo hayana kosa hapo. Chumba ndicho kikubwa mno, na chumba kikubwa humeza kila kitu.

Ukitaka dawa ya tatizo hili, tembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nyumba za mawe za pale, kama za pwani yote ya Uswahilini, zilipangwa kwa kufuata boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito, linabebwa na fito nene za mkoko, na mkoko ulionyooka hauna urefu mwingi. Kwa hiyo chumba kilikuwa na upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, lakini urefu wake uliachwa uende unavyotaka. Bloku moja ya Minecraft ni mita moja. Basi sheria yako ya kwanza ni hii: upana wa chumba ni bloku 3, usizidishe. Ukihitaji nafasi zaidi, ongeza chumba kingine nyuma yake; usipanue kile cha kwanza.

Tuchukue ramani moja tuifuate hadi mwisho. Vyumba viwili vilivyolala sambamba, kila kimoja 3 kwa 10. Ukuta wa mbele una unene wa bloku 2, wa nyuma 2, wa kati 1, wa pembeni 1 kila upande. Nje inakuja 12 kwa 11. Kabla hujaweka jiwe hata moja, chora ramani chini kwa sufu ya rangi kali, uzunguke, uingie, utoke. Kubomoa sufu ni sekunde chache. Kubomoa ukuta ni jioni nzima.

Kwa nini urefu wa ndani ni 10, si 9 au 11? Kwa sababu ya mlango. Mlango wa mbao mbili unakaa kwenye bloku 2, na bloku 2 hazipati katikati kwenye ukuta wenye hesabu ya witiri. Ukijenga uso wa bloku 11, mlango utakaa kushoto kidogo au kulia kidogo, na jicho litakusumbua kila siku. Mlango mpana unataka ukuta wa shufwa, mlango mmoja unataka witiri. Amua mlango kabla ya ukuta.

Kimo cha ndani ni bloku 4, ya tano ni ya boriti. Kila safu ya ukuta inakula bloku 72, safu tano ni 360. Usizijenge zote kwa bloku ya aina moja. Mgao unaokaa vizuri ni zege nyeupe 256 kwa ajili ya chokaa, kalisaiti 72, na matumbawe yaliyokufa 32. Zege 256 inataka mchanga 128, kokoto 128 na rangi nyeupe 32, maana kila mchanganyiko wa mchanga 4, kokoto 4 na rangi 1 hutoa unga wa zege 8. Mfupa mmoja hutoa unga wa mifupa 3, na kila unga mmoja unageuka rangi moja, kwa hiyo mifupa 11 inatosha. Unga wa zege huanguka kama mchanga na huganda ukigusa maji. Njia ya haraka ni kusimama ndani ya maji, kupandisha nguzo ya unga humo humo, kisha kuikata kwa sururu ikiwa imeshakuwa zege. Kalisaiti iko kwenye ganda la mapango ya amethisti, katikati ya basalti laini na fuwele zenyewe.

Matumbawe ndiyo yanayoipa nyumba asili yake, kwa kuwa nyumba halisi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na hata chokaa yake ilitokana na kuyachoma. Tafuta bahari ya joto. Bloku ya tumbawe ukiipiga kwa sururu ya kawaida isiyotiwa uchawi huanguka ikiwa imekufa, ya kijivu, na ndiyo tunayoitaka. Usihangaike kuyaokoa yenye rangi. Ukutani, mbali na maji, yatakufa vilevile.

Sasa angalia sana mahali unapoyaweka. Wengi huchanganya bloku tatu hizi kwa kuzitawanya sawasawa, moja hapa moja pale, na ukuta unatokea kama umepata ndui. Chokaa haibanduki hivyo. Unyevu hupanda kutoka chini, mvua huteremka kutoka ukingo wa dari, na pembe hugongwa na wapitao. Basi matumbawe yote 32 yaweke safu ya kwanza na ya pili, yakiwa makundi ya mawili au matatu, na machache kwenye pembe. Kalisaiti ifuate juu yake kama mpaka usionyooka, na kidogo chini ya dari. Katikati ya ukuta paache peupe kabisa. Peupe hapo ndipo kivuli cha mchana kinapoonekana.

Boriti sasa. Mkoko uliingia Minecraft mwaka 2022 kwenye toleo la 1.19, pamoja na kinamasi chake na tope, na kwa mtu wa pwani hiyo ilikuwa zawadi. Kata magogo 36, yamenye gome kwa shoka, yabaki mekundu. Kwenye urefu wa bloku 10, weka boriti kwenye nafasi ya 1, 3, 5, 6, 8 na 10. Zile mbili za katikati zinakaa pamoja kama mhimili. Kila boriti ni magogo 3, boriti sita ni 18, vyumba viwili ni 36. Gogo hulala kwa kufuata uso wa bloku unayobofya. Ukibofya sakafu au dari, litasimama wima na ukitazama juu utaona duara la kichwa cha gogo badala ya ubavu wake. Bofya uso wa ndani wa ukuta kwenye safu ya tano, gogo la kwanza litatokeza likielekea upande wa pili. Kisha bofya kichwa cha hilo gogo kuweka la pili, na la tatu. Mgeni akiona boriti zake hazifanani, tisa kati ya kumi tatizo ni hili.

Juu ya boriti tandaza nusu bloku, zile za kukaa chini. Zege haina nusu bloku wala ngazi, na kalisaiti nayo haina. Wengi wanakwama hapa wakiwa wameshachanganya mchanga wote. Tumia dioraiti: bloku 45 zinatoa nusu 90, na eneo la ndani ya ukuta wa dari, ule mfupi unaozunguka ukingo wa juu wa nyumba, ni 10 kwa 9, yaani 90 kamili. Nusu bloku ya chini ina faida nyingine, viumbe wabaya hawazaliwi juu yake. Ukuta wa dari unaozunguka ni bloku 42. Usichanganye zege mpya kwa ajili yake. Daka la mlango wa mbele (nafasi iliyoingia ukutani mbele ya mlango), madirisha mawili, njia ya ndani, mlango wa nyuma na zidaka (vishubaka vya ukutani) vinakuachia bloku 51 usizozitumia kwenye zile 360. Unajenga ukuta wa dari na bado unabaki na 9.

Mlango wa mbele ndio uso wa nyumba, na hapa usione uvivu. Kata tundu la upana 4 na kimo 3, pande zote mbili za unene wa ukuta. Tabaka la nje liache wazi. Hilo ndilo daka lako. Kwenye tabaka la ndani simamisha miimo miwili ya mwaloni mweusi uliomenywa, kimo cha bloku 2 kila mmoja, na juu laza magogo 4 ya mti huo huo kuwa kizingiti cha juu. Kati ya miimo weka mbao mbili za mlango ukiwa umesimama nje, kwa kuwa mlango hukaa kwenye ukingo ulio karibu na mwekaji. Ukiweka wa pili ubavuni mwa wa kwanza, bawaba zinajigeuza zenyewe. Nakshi ya kizingiti ifanye kwa vimlango vya kunyanyua vinne: bandika kila kimoja kwenye uso wa gogo, kisha kifungue kilale ukutani. Mbao 6 hutoa viwili, kwa hiyo andaa 12.

Wapo wanaotaka na njumu za shaba, ile misumari ya mapambo, kama za milango halisi, na vitufe vinafaa kwa kazi hiyo. Lakini kitufe cha mbao kikipigwa na mshale hubonyea, na mwimo umegusana na mlango. Kiunzi cha mifupa kikikukosa usiku na mshale ukaangukia kwenye njumu, mlango unafunguka wenyewe na zombi wanaingia. Weka vitufe vya mawe. Hivyo mshale hauviwezi.

Dirisha ni bloku 1 kwa 2, moja kila upande, tundu likipita tabaka zote mbili na fito za uzio zikikaa tabaka la ndani. Kivuli kinachobaki nje kinatosha, usiweke kioo. Baraza iweke nje pande zote mbili za mlango, nusu bloku 4 kila upande. Nusu bloku ni sentimita 50, kimo cha kukaa hasa. Bloku nzima inageuka ukuta, hakuna anayeitazama akaona pa kukaa.

Njia ya kutoka chumba cha mbele kwenda ndani usiitoboe katikati, ikatazamana na mlango. Nyumba ya Mswahili haimwonyeshi mpita njia ndani kwake. Toboa mwisho wa ukuta wa kati, upana 1, kimo 3. Heshima imekaa mahali pake, na mshale kutoka nje haufiki kitandani.

Zidaka ziko ukuta wa nyuma, tabaka la ndani tu, ndiyo maana tuliufanya mnene. Nafasi ya 1, 3, 8 na 10, safu ya pili na ya nne: zidaka 8. Katikati, nafasi ya 5 na 6, ni mlango wa kwenda uani. Zamani zidaka zilibeba vyombo vya kaure kutoka ng'ambo. Kule magofu ya Kaole utaona bakuli kama hizo zilikuwa zikipachikwa hata kwenye nguzo za makaburi. Safu ya juu weka vyungu vya nakshi vilivyokuja na toleo la 1.20. Safu ya chini weka mapipa yaliyotazama chumbani. Pipa lina nafasi 27 kama kasha moja, na linafunguka hata likiwa na bloku juu yake, jambo ambalo kasha haliwezi. Zidaka mbili ziache tupu. Kidaka kitupu kina uzuri wake, na kila anayejaza zote nane hujuta.

Taa ni fanusi 10: nne vyumbani, mbili dakani, nne kwenye pembe za ukuta wa dari. Kila moja ni vipande 8 vya chuma na mwenge mmoja; mikuo 9 ya chuma inatosha na kipande kimoja kinabaki. Vyumbani zitundike chini ya boriti ya 3 na ya 8. Fanusi ina mwanga wa 15, unapungua moja kwa kila bloku, kwa hiyo hata kwenye pembe ya sakafu unabaki 9. Tangu toleo la 1.18 viumbe wabaya huzaliwa mwanga wa taa ukiwa 0 tu, basi ndani uko salama. Hatari iko juu. Ukuta wa dari ni bloku nzima, na ukiuacha gizani, kriipa, kiumbe anayelipuka, atazaliwa pale na kukusubiri asubuhi juu ya mlango wako mwenyewe. Fanusi za pembeni ni kwa ajili yake.

Uani mambo ni mepesi. Kisima cha 2 kwa 2 hakikauki. Jiko ni moto wa kambi uliozungukwa na mafiga matatu ya jiwe. Unapika vyakula vinne kwa mara moja na, tofauti na moto uliowashwa chini, haurukii boriti zako. Radi ndiyo inayoweza kuziunguza, kwa hiyo simamisha fimbo ya radi, mikuo 3 ya shaba, juu ya pembe mojawapo ya uzio wa ua.

Na fuga paka. Mpe samaki mbichi hadi akukubali. Kriipa humkimbia paka, na nyumba ya pwani bila paka haijatimia. Ila paka akikaa juu ya kasha, kasha halifunguki mpaka ashuke. Sababu nyingine ya kutumia mapipa.

Ukishamaliza, subiri usiku, panda darini, uzunguke ukuta wote ukitazama chini, kisha toka nje usimame hatua 20 mbele ya mlango. Ukiona daka limekuwa jeusi kuliko madirisha, sogeza fanusi zake mbili ziwe chini, miguuni mwa miimo, ili nuru ipande kwenye nakshi.