Maswali ya Wasomaji: Hundi Iliyozidi Bei ya Gari

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Tukuyu. Nina Land Rover 110 ya mwaka 1996, na kwa kuwa magoti hayaniruhusu tena kuendesha, mwanangu aliyeko Mbeya mjini aliitangaza mtandaoni kwa dola 9,000. Baada ya siku chache alijitokeza mtu anayesema kwamba ni raia wa Uingereza, mhandisi kwenye kisima cha mafuta baharini, na kwamba hawezi kupiga simu kwa sababu mtandao wa huko ni hafifu. Bei hakuipunguza hata kidogo. Anataka kutuma hundi ya benki ya dola 13,500; mimi nibaki na dola 9,000 zangu, na dola 4,500 zinazozidi nimtumie wakala wake wa Dar es Salaam kwa njia ya simu, ili wakala huyo aje kulichukua gari na kulipeleka bandarini. Picha ya hundi ameshaituma. Mwanangu anasema huu ni utapeli, lakini jirani yangu anasema wageni wanayapenda sana magari haya ya zamani na kwamba nitaipoteza bahati. Nimsikilize nani? (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Msikilize mwanao, na usitume hata shilingi moja. Hata hivyo jirani yako hajasema uongo, na ni vizuri tuanze na hoja yake, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wengi waangalifu waingie mtegoni.

Ni kweli kwamba gari kama lako lina wapenzi nje ya nchi. Utengenezaji wa Land Rover Defender ya zamani, ambayo 110 yako ni mojawapo, ulikoma kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016, na tangu hapo zilizobaki zimekuwa zikitafutwa. Marekani nako, sheria ya nchi hiyo inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa bila kulazimika kukidhi viwango vya usalama vinavyodaiwa kwa magari mapya, na gari la mwaka 1996 limeshavuka umri huo. Kwa hiyo mnunuzi wa kweli kutoka ng'ambo anaweza kabisa kubisha hodi Tukuyu. Matapeli wanalijua jambo hili kama wewe na jirani yako mnavyolijua, na ndiyo maana hadithi yao wanaiegemeza kwenye jambo la kweli. Kinachotutia shaka si kwamba mtu wa mbali analitaka gari lako, bali ni njia aliyoichagua ya kulipa.

Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua. Hundi inafika, ina nembo ya benki inayofahamika na sahihi mbili, na unaipeleka kwenye tawi lako. Hundi ya fedha za kigeni iliyotolewa na benki ya nje hailipwi siku hiyo. Hutumwa kwa benki iliyoandikwa juu yake ili ikusanyiwe malipo, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Katikati ya kipindi hicho inaweza kutokea kwamba kiasi kile kikaonekana kwenye akaunti yako kwa masharti, yaani kimeandikwa lakini bado hakijathibitishwa. Hapo ndipo mhandisi wetu anapoanza kukuandikia asubuhi na jioni: meli inaondoka Ijumaa, wakala analalamika, tafadhali zitume zile 4,500 leo. Unazituma kutoka kwenye fedha zako halali, na wakala anazitoa papo hapo. Baadaye hundi inarudi ikiwa imekataliwa kwa sababu ni ya kughushi, na benki inakifuta kile kiasi kwenye akaunti yako. Kama ulikwisha kukitumia, deni ni lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyeiwasilisha hundi ile. Na kama gari nalo lilikwisha kuondoka na huyo wakala, umeibiwa mara mbili kwa hundi moja.

Utaona, Mwalimu, kwamba gari lenyewe mara nyingi si shabaha ya mwizi huyu. Anachokitaka ni zile dola 4,500. Ndiyo maana hakupunguza bei: fedha zinazotajwa si zake na wala hazipo, basi kwa nini apoteze muda kubishania dola 500?

Linganisha na mnunuzi wa kweli wa Land Rover. Huyo atakuchosha. Kitu cha kwanza atakachokuomba ni namba ya chesesi, yaani fremu ya chini ya gari, tena atataka picha ya namba yenyewe ilivyogongwa kwenye chuma, kwa sababu ndiyo itakayompa mwaka na asili ya gari. Kisha atakuomba umtume kijana alale chini ya gari na simu yenye tochi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, lakini chesesi ni ya chuma, na mtu anayeyajua magari hayo, akisikia kwamba limeishi kwenye mvua za Rungwe, atataka kuona mihimili ya nyuma na sehemu zote ambako tope hujificha, na ataomba uigonge kwa nyundo ndogo ili asikie kama imeliwa na kutu. Atauliza injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na giaboksi inaingiaje gia ya pili asubuhi ikiwa baridi. Mtu aliye tayari kulipa dola 9,000 bila kuuliza lolote kati ya hayo hakuna anachonunua. Mwombe mhandisi wako mzungumze kwa video kwa dakika tano tu, ukiwa umesimama kando ya gari. Akitoa udhuru, basi, ameshajibu.

Sasa nikueleze namna ya kumuuzia mtu wa ng'ambo ukiwa na amani. Mwambie tangu mwanzo kwamba bei ni ya gari likiwa Tukuyu au Mbeya, na kwamba usafirishaji, wakala wa forodha na meli ni mambo yake, atakayoyalipia yeye mwenyewe kwa kampuni husika bila fedha hizo kupita mikononi mwako. Sharti hili moja linaufuta kabisa ule mtego wa kiasi kilichozidi, na mnunuzi mkweli hawezi kuliona kuwa gumu, kwani mtu anayeweza kutuma fedha kwako anaweza pia kuzituma kwa wakala wake.

Malipo yaje kwa uhamisho kutoka benki hadi benki, ule ambao wafanyabiashara huuita TT, moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina lako. Ili apate kukulipa anahitaji jina lako, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, pamoja na msimbo wa SWIFT (mtandao wa kimataifa wa mawasiliano ya benki) wa benki yako, ambao una herufi na tarakimu 8 au 11 na ambao tawi lako litakupa. Hahitaji namba ya siri, hahitaji zile tarakimu zinazokuja kwenye simu yako kwa ujumbe, wala hahitaji picha ya kadi yako ya benki. Akikudai IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, mjulishe kwamba Tanzania haitumii mfumo huo. Kupokea fedha hakuhitaji siri yoyote, na anayeitaka siri hiyo anatafuta njia ya kuzitoa.

Ukimkatalia hundi, usishangae akija na karatasi. Atakutumia nakala ya taarifa ya malipo, pengine imeandikwa MT103 juu (jina la ujumbe wa malipo wa SWIFT), ina mihuri na tarehe, ikisema kwamba fedha zimeshatoka na zinakusubiri. Au itakuja barua pepe yenye nembo ya benki ikieleza kwamba fedha zimezuiliwa hadi utakapotuma uthibitisho wa kusafirisha gari, au hadi utakapolipa kodi fulani ndogo. Karatasi ya aina hiyo inaweza kutengenezwa kwa kompyuta ndani ya nusu saa. Fanya hivi: kila uhamisho wa kimataifa unaopita SWIFT una namba yake ya ufuatiliaji iitwayo UETR, yenye alama 36 za herufi, tarakimu na vistari. Mwombe akupe namba hiyo, ipeleke kwenye tawi lako, na uwaombe waiulizie. Usipige simu kwenye namba iliyo ndani ya barua aliyoituma yeye. Nenda mwenyewe, ukae mbele ya ofisa unayemfahamu, naye akuambie kama fedha zimeingia na kama unaweza kuzitoa zote leo. Maswali hayo mawili yaulize kwa kutenganisha, kwa maana kiasi kinaweza kuwa kimeandikwa huku bado hakijawa chako. Omba na taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hulipuuza, nami ninalisisitiza. Angalia jina la aliyetuma. Kama uliyeandikiana naye mkataba ni mtu mmoja na fedha zimetoka kwa mtu mwingine au kampuni usiyoijua, usilikabidhi gari na usizitumie fedha hizo. Waeleze benki mara moja. Huenda zimetoka kwenye akaunti iliyodukuliwa, na mwenye akaunti hiyo akilalamika, benki ya huko itaomba zirudishwe, akaunti yako inaweza kufungiwa uchunguzi ukiendelea, na wewe utakuwa umeshalitoa gari. Vilevile mnunuzi akikuambia kwamba amezidisha kwa bahati mbaya na kukuomba umrudishie tofauti, usiitume wewe. Iache benki iurudishe uhamisho huo kule kule ulikotoka.

Kadi halisi ya gari ikae kwako hadi ofisa wa benki atakapokuthibitishia. Hata nakala yake usiisambaze ovyo, kwa sababu wapo wanaochukua picha za kadi na za gari la mtu na kulitangaza upya kana kwamba ni lao. Ukilazimika kutuma picha ya kadi, funika jina lako na sehemu ya namba. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na kama nyote wawili mna hofu, mnaweza kukubaliana fedha zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili huyo hadi gari litakapokabidhiwa. Lakini wakili umchague wewe au mkubaliane naye wote, mwenye ofisi unayoweza kuingia. Tovuti ya kutunza fedha anayoipendekeza mnunuzi, na kiungo chake anakutumia yeye, ikatae. Mwisho, taratibu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) za kuliondoa gari kwenye jina lako zikamilishwe, ili lisije likafanya makosa likiwa bado ni lako kwa karatasi.

Swali: Ninauza Hilux hapa Mafinga. Mnunuzi ni Mtanzania anayeishi Marekani na anamnunulia mama yake anayeishi hapa hapa Mafinga. Amesema ameshalipa kwa programu ya simu kwenda M-Pesa yangu, na amenitumia picha ya skrini. Ndugu yake anakuja Jumamosi kulichukua gari. Je, nimpe? (Mama Mfanyabiashara, Mafinga)

Jibu: Mama, picha ya skrini isikusumbue. Piga *150*00# kwa mkono wako, uangalie salio, na uone kama kiasi kimeongezeka. Ujumbe mfupi pekee hautoshi, kwa kuwa ujumbe wa kughushi hutumwa kila siku, na mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida ya mtu. Jua pia kwamba akaunti za simu zina ukomo wa kiasi, hivyo bei ya Hilux huenda ikaja kwa mafungu. Gari lisitoke hadi fungu la mwisho liwe limeingia. Kwa kiasi kikubwa hivyo ningependelea benki. Na kwa kuwa anasema mama yake anaishi huko huko, mwombe mama huyo aje na huyo kijana. Hakuna ukosefu wa adabu katika kuomba hivyo. Mama anayenunuliwa gari kwa kawaida hutamani kuliona.

Swali: Nimechelewa kusoma ushauri wenu. Nimeshatuma shilingi 1,200,000 kwa wakala wa mnunuzi wa nje, nikiambiwa ni gharama ya kibali, na sasa simu yake haipatikani. Nifanye nini? (Msomaji, Makambako)

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia, au benki yako, na uwaombe wazuie muamala. Kama fedha bado hazijatolewa, zinaweza kushikiliwa, na ndiyo maana kila dakika ina thamani. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kwa sababu mtandao na benki wataihitaji ili waendelee. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ni ugomvi wako binafsi wa biashara. Ujumbe wote wa tapeli usiufute, hata ule unaokuaibisha; hifadhi namba, tarehe, risiti na picha. Ujumbe wenyewe na namba iliyoutuma vipeleke kwenda 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuripoti matapeli, ili laini hiyo ifungiwe na isimfikie mwingine.

Kama ulimtumia pia nakala ya kadi ya gari au kitambulisho, litaje hilo katika maelezo yako ya polisi. Na mtu akikupigia siku zijazo akidai kuwa ni wakili au ofisa anayeweza kuzirudisha fedha zako kwa ada ndogo ya kuanzia, usimlipe; mara nyingi ni kundi lile lile, na namba yako wameipata kwenye orodha ya waliokwisha kutoa.