Daftari la rasilimali ndani ya kerneli: anza kusoma pale kitu kinapokufa

Swali: Salaam mtaalamu. Nimepewa kazi ya kuhakiki viraka (mabadiliko ya msimbo) vya draiva ya kadi ya mtandao yenye RDMA (kufikia kumbukumbu ya mashine nyingine moja kwa moja kupitia mtandao) kwenye kerneli ya Linux. Viraka vinaongeza daftari ndani ya draiva: kila jozi ya foleni (QP), kila foleni ya ukamilisho (CQ) na kila eneo la kumbukumbu lililosajiliwa (MR) huandikwa humo likiundwa na kufutwa likiharibiwa, ili msimamizi wa mfumo aone nani ameshika nini. Msimbo unakompailika bila onyo, majaribio ya mwandishi yanapita, na njia ya uundaji naiona safi. Nilipouliza itakuwaje nyuzi mbili (njia mbili za utekelezaji zinazokwenda sambamba) zikigongana, mwandishi alinijibu kwamba hilo haliwezi kutokea kwenye matumizi halisi. Nianzie wapi kusoma? Na je, nikubali jibu hilo?

Jibu: Usilikubali bado, ndugu msomaji. Ila usilikatae kwa hisia. Mpelekee mfuatano wa hatua, naye akuoneshe ni kufuli lipi (lock, linaloruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati) linalouzuia. Nitarudi hapo baada ya kukuonesha mahali pa kuutafuta.

Kwanza kabisa muulize kwa nini draiva inahitaji daftari lake. Tangu toleo la 4.16, la mwaka 2018, kiini cha RDMA ndani ya Linux kina ufuatiliaji wake, restrack, na amri ya `rdma resource show` husoma humo. Draiva inayotaka kuongeza maelezo ya kadi yake hupewa nafasi ya kufanya hivyo kupitia vitendakazi kama `fill_res_qp_entry`. Huenda nusu ya viraka hivyo haina haja ya kuwepo. Huenda pia mwandishi ana sababu nzuri, kwa mfano anatumia daftari hilo hilo kupeleka matukio ya kadi kwa QP husika. Basi sababu hiyo iandikwe kwenye ujumbe wa kiraka, maana inabadilisha uzito wa kila kosa litakalofuata.

Sasa usomaji. Njia ya uundaji ndiyo mwandishi aliyoitazama zaidi, na ndiyo majaribio yanayoipita kila siku. Wewe anza na uharibifu. Fungua kitendakazi kinachoharibu QP, na kwenye kila mstari jiulize: sasa hivi, nani mwingine anaweza kukiona kitu hiki? Daftari ni mlango wa pili wa kukifikia. Kabla halijawepo, aliyekuwa na pointa (anwani ya kitu kumbukumbuni) ni mwenye QP peke yake. Sasa msimamizi anayeorodhesha rasilimali anaweza kuingia wakati wowote, hata katikati ya uharibifu.

Chukua mfano huu. Tuseme daftari ni xarray (muundo wa kerneli unaohifadhi pointa kwa namba), na ufunguo ni namba ya QP iliyotolewa na kadi. Kwenye InfiniBand, mtandao unaotumia RDMA, namba hiyo ina biti 24. Uzi wa kwanza unaharibu QP namba 87. Unatuma amri, kadi inakubali, na papo hapo namba 87 inarudi kwenye namba zilizo huru. Kabla uzi huo haujaufikia mstari wa `xa_erase` unaofuta ingizo, uzi wa pili unaomba QP mpya, na kadi inaupa 87. Kama uundaji unatumia `xa_insert`, uzi wa pili utarudishiwa `-EBUSY` (nafasi imeshikwa): mtumiaji ananyimwa QP ambayo kadi imekwisha kumpa. Kama unatumia `xa_store` na haukagui kilichorudishwa, pointa ya zamani inafunikwa kimya kimya. Kisha uzi wa kwanza unazinduka, unaita `xa_erase` kwa 87, na kulifuta ingizo la QP mpya. QP hiyo iko hai kwenye kadi, inapitisha data, na haipo daftarini. Kama matukio ya kadi yanapitia daftari hilo, kuanzia hapo hayamfikii mwenyewe.

Kosa hili halihitaji bahati mbaya ya ajabu. Linahitaji programu moja inayofunga miunganisho wakati nyingine inafungua, na kadi inayopenda kutoa tena namba iliyoachwa karibuni. Seva yenye shughuli hufanya hivyo kutwa.

Wengi wakioneshwa hili hugeuza mpangilio: futa daftarini kwanza, ndipo utume amri kwa kadi. Kwa upande wa wasomaji ni bora zaidi. Lakini soma mstari unaofuata. Kadi ikikataa amri ya kuharibu, draiva hurudisha kosa na QP inabaki hai bila kuonekana, na rasilimali ya namna hiyo ndiyo hasa msimamizi anayoitafuta anapofungua orodha. Ukijaribu kuirudisha daftarini huenda ikahitajika kumbukumbu mpya, na ombi la kumbukumbu linaweza kushindwa.

Xarray ina dawa ya hili, nayo ni alama ya `XA_ZERO_ENTRY`. Kwa `xa_cmpxchg`, ambayo hubadilisha ingizo pale tu linapofanana na unalolitarajia, unabadilisha pointa kuwa alama hiyo: anayesoma haoni kitu, ila nafasi bado imeshikwa. Kadi ikikataa, unairudisha pointa mahali pake bila kuomba kumbukumbu. Kadi ikikubali, unaigeuza alama kuwa tupu, tena kwa `xa_cmpxchg`, wala si kwa `xa_erase`, kwa sababu huenda uzi mwingine umekwisha kupewa namba ile na kuandika pointa yake juu ya alama. Hapo ulinganisho hautafanana na ingizo jipya litasalimika. Kwa sababu hiyo hiyo upande wa uundaji utumie `xa_store` na ukague jibu lake, kwani `xa_insert` huihesabu alama kuwa nafasi iliyojaa. Ukitaka kuona alama hii ikitumika, tazama jinsi draiva ya mlx5 inavyoharibu SRQ (foleni ya kupokea inayoshirikiwa na QP nyingi). Na kama namba ya kadi si lazima iwe ufunguo, njia nyepesi ni daftari kujitolea namba zake kwa `xa_alloc_cyclic`. Mgongano huu hautakuwepo tena.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye upande wa kusoma. Mara nyingi utakuta `xa_load`, inayotafuta kitu daftarini, na mstari unaofuata ni `kref_get`, inayoongeza hesabu ya wanaokitumia kitu hicho. Kati ya mistari hiyo miwili kitu kinaweza kufutwa na kumbukumbu yake kuachiliwa. Mwandishi atakwambia abadilishe tu iwe `kref_get_unless_zero`, inayokataa hesabu ikiwa sifuri. Haitoshi. Kitendakazi hicho nacho husoma kihesabu kilichomo ndani ya kumbukumbu ile ile. Ikiwa imeachiliwa na kupewa mwingine, kinasoma data za mwingine. Kutafuta na kuongeza hesabu vifanyike chini ya kufuli lile lile linaloshikwa wakati wa kufuta, au ndani ya RCU (utaratibu wa kerneli wa kungoja wasomaji waliopo wamalize) huku kumbukumbu ikiachiliwa kwa `kfree_rcu`. Aina ya kihesabu ya `refcount_t`, iliyoingia kerneli toleo la 4.11 mwaka 2017, itakupa onyo hesabu inapofufuliwa kutoka sifuri, lakini maadamu tu kumbukumbu haijabadilika mikono.

Halafu kuna kusubiri. Madaftari mengi ya aina hii, restrack likiwemo, hufuta ingizo, hupunguza hesabu, kisha husubiri kwa `wait_for_completion` hadi msomaji wa mwisho amalize. Ni utaratibu mzuri, mradi anayesubiri asiwe ameshika kitu anachokihitaji msomaji. Fuata njia zote mbili ukiandika makufuli pembeni. Mwenye kuharibu akiwa ameshika mutex (aina ya kufuli) ya kifaa na anasubiri, na msomaji ameongeza hesabu kisha anaomba mutex hiyo hiyo ili aiulize kadi hali ya QP, wote wawili wamekwama. Usiiachie lockdep, zana ya kerneli ya kukagua makufuli, kazi hii. Inafuatilia makufuli, kusubiri kwa namna hii kwa kawaida hakumo katika hesabu zake.

Kwa upande mwingine, msomaji asiiulize kadi chochote huku ameshika `xa_lock`. Hilo ni spinlock, kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala, na amri kwa kadi hulala. Aongeze hesabu, aliachie, aulize, kisha apunguze.

Umiliki ni jambo ambalo wahakiki huliruka. Kama viraka vinahifadhi PID (namba ya mchakato) tu, vikatae: PID hutumiwa upya, na orodha itamtaja mtu asiyehusika. Vihifadhi rejeo la `task_struct` (rekodi ya mchakato ndani ya kerneli) lililochukuliwa kwa `get_task_struct`, na utafute `put_task_struct` yake kwenye kila njia ya kutokea, hasa zile za makosa. Kumbuka faili iliyofunguliwa huweza kurithiwa kwa fork (mchakato kuzaa mwingine) au kupitishwa kwa soketi, kwa hiyo mchakato unaoharibu si lazima uwe ule uliounda. Msomaji aliye ndani ya kontena aoneshwe PID kama inavyoonekana katika nafasi yake, wala si ile ya mwenyeji. Rasilimali za kerneli yenyewe hazina PID ya kuonesha. Ziandikwe jina la moduli.

Na tazama kinachotolewa nje. Ufunguo wa rkey wa MR humwezesha aliye mbali kusoma au kuandika kumbukumbu, ndiyo maana kiini cha RDMA huutoa kwa mwenye `CAP_NET_ADMIN` (idhini ya kusimamia mtandao) tu. Draiva isiwe njia ya kuukwepa ulinzi huo.

Ujumbe wa netlink (njia ambayo kerneli huitumia kupeleka orodha kwa programu) ukijaa katikati ya ingizo, hakikisha kipande kilichoanzwa kinaghairiwa kwa `nla_nest_cancel` na hesabu ya rejeo inapunguzwa kabla ya kurudi. Kagua njia hiyo kwa jicho lako. Kwenye majaribio ya kawaida rasilimali huwa chache mno kuujaza ujumbe, kwa hiyo msimbo huo huenda haujawahi kuendeshwa.

Turudi kwa mwandishi. Usimwandikie kwamba kuna hatari ya mgongano; atakujibu vile vile. Mwandikie safu mbili, uzi wa kwanza na uzi wa pili, kila hatua na jina la kitendakazi chake, kama tulivyofanya kwa namba 87. Kisha ongeza `msleep` kati ya amri ya kadi na `xa_erase` kwenye nakala yako, washa KASAN (zana inayonasa matumizi mabaya ya kumbukumbu), na endesha kitanzi kimoja kinachounda na kuharibu QP huku kingine kikiorodhesha bila kupumzika. Mgongano wa namba KASAN haitauona, kwa kuwa hakuna kumbukumbu iliyoguswa vibaya. Huo utaupata kwa kulinganisha QP zilizo hai na zilizoorodheshwa. Washa pia failslab, inayolazimisha maombi ya kumbukumbu yashindwe, ili njia za makosa zipitiwe.

Majaribio yakinyamaza yote, safu zako mbili bado zinadai jibu. Akikutajia kufuli linaloufanya mfuatano huo usiwezekane, basi ana haki, na umwombe aweke `lockdep_assert_held`, inayohakiki kwamba kufuli limeshikwa, mahali hapo ili mhakiki ajaye asilazimike kuuliza tena. Asipoweza kulitaja, usiweke `Reviewed-by` yako, yaani saini ya mhakiki.