Mpambe akimsema rais wake, umsikilize hadi wapi?

Mkoba wa amri ya silaha za nyuklia una uzito wa kilo 20 hivi. Nje ni ngozi nyeusi, ndani ni sanduku la alumini, na anayeubeba ni afisa mwenye sare anayetembea hatua chache nyuma ya rais wa Marekani: kwenye lifti, kanisani, uwanja wa ndege, hata kwenye gofu. Kwa miaka mingi maafisa hao walikuwa watano, mmoja mmoja kutoka jeshi la nchi kavu, la majini, la anga, Marine na walinzi wa pwani, na wanapokezana zamu. Ndio wapambe, wale ambao hapa Lubumbashi tumezoea kuwaita kwa Kifaransa aides de camp.

Mmoja wao akishastaafu na kusema kwamba rais aliyemtumikia alichezea usalama wa taifa, maneno yake hutufikia kwa WhatsApp yakiwa yamekatwa vipande vya dakika mbili. Hapo wanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU na wabishi wa Place de la Poste hugawanyika. Upande mmoja unasema alikuwa pale, aliona kwa macho yake, basi yamekwisha. Upande wa pili unasema ana kinyongo, kanunuliwa na wapinzani. Wote wanaruka swali lile lile: saa ile anayoisimulia, mpambe alikuwa upande gani wa mlango?

Kazi yake ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Bill Gulley, aliyewahi kuongoza ofisi ya kijeshi ya White House, alieleza mwaka 1980 kwamba mkobani kuna vitu vinne: kitabu cha njia za kushambulia, kitabu cha mahali pa kumficha rais, karatasi chache kuhusu mfumo wa kutangaza hatari kwa taifa, na kadi ya namba za utambulisho. Siku hizi kadi hiyo anakaa nayo rais mwenyewe, na wenyewe huiita "biskuti". Kitufe chekundu hakimo. Rais akiamua, anajitambulisha kwa namba za kadi mbele ya kituo cha amri cha Pentagon, na amri inashuka kwa mnyororo wa jeshi. Mpambe amefungua mkoba, basi. (Mtu wa Katanga asiuone mkoba huu kuwa mambo ya mbali. Uraniamu ya bomu la Hiroshima, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapo jirani na Likasi.)

Mpambe si mjumbe wa Baraza la Usalama wa Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1947. Mshauri wa kijeshi wa rais kisheria ni Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi. Kwa hiyo kuna mambo mpambe anayajua kuliko waziri yeyote: rais anaamka saa ngapi, anapokea simu au anaiacha iite, anawajibu vipi askari wanaompigia saluti, kadi anaiweka wapi. Na kuna mambo hayajui hata kidogo: karatasi ya upelelezi iliyosomwa ndani ilisema nini, nani alipinga, na kwa nini.

Ili kuyatenganisha hayo mawili, chukua daftari la kawaida, pindua ukurasa kwa upana, chora safu nne. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili, mahali alipokuwa shahidi. Ya tatu, alichoona au kusikia yeye mwenyewe. Ya nne, aliyoambiwa au anayoyadhani. Kila dai lipate mstari wake. Tabu kubwa iko kati ya safu ya tatu na ya nne, maana mwandishi mzuri huzichanganya ndani ya sentensi moja. "Rais aliikataa simu kwa sababu hakujali" ni mistari miwili: simu kutopokelewa inakwenda safu ya tatu, kutojali inakwenda ya nne. Usiharakishe hapo. Ukikosea kugawa sentensi hiyo, daftari zima halina kazi.

Tulijaribu kwa kadi iliyopotea, kisa kinachopendwa sana. Afisa wa anga aliyekuwa mpambe wa Bill Clinton kuanzia 1996 hadi 1998 alidai kwamba rais alipoteza kadi yake, na kwamba iligundulika Januari 1998, asubuhi baada ya habari za uhusiano wake na Monica Lewinsky kulipuka. Jenerali Hugh Shelton, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi kuanzia 1997 hadi 2001, naye aliandika mwaka 2010 kwamba kadi ilipotea, ila akaweka tukio karibu na mwaka 2000 na kusema haikuonekana kwa miezi. Mashahidi wawili wa ngazi tofauti wanakubaliana juu ya kupotea na wanapishana juu ya lini. Katika daftari, kupotea kunapata alama ya kuaminika. Tarehe inapata alama ya kuuliza, na yeyote anayejenga hoja juu ya ile asubuhi ya Lewinsky anajenga kwenye mchanga.

Maelezo ya Shelton yana kitu kingine ambacho wabishi hukiruka. Utaratibu ulitaka ofisa wa wizara ya ulinzi aje kila mwezi kuiona kadi kwa macho, na kadi yenyewe ibadilishwe kila miezi minne. Ofisa alikuja, akaambiwa na msaidizi wa rais kwamba kadi anayo rais lakini yuko kwenye kikao cha dharura, asisumbuliwe. Mwezi uliofuata akapewa jibu la namna hiyo hiyo. Siku ya kubadilisha ilipofika ndipo ukweli ukatoka. Basi kosa ni la nani? La rais, ndiyo, kadi ni yake. Lakini ukaguzi uliwekwa makusudi kwa sababu binadamu hupoteza vitu, na ukaguzi huo ulizimwa na mtu aliyekuwa mlangoni, akaridhika nao ofisa aliyekubali kurudi bila kuona. Ukisoma lawama yoyote ya mpambe, tafuta kiungo chake yeye katika mnyororo. Mara nyingi hakimo kwenye simulizi.

Tena aina hii ya kosa haina chama. Ronald Reagan alipopigwa risasi tarehe 30 Machi 1981, nguo zake zilikatwa hospitalini na kadi ikaishia mikononi mwa FBI pamoja na vielelezo vingine vya jinai. Hakuna aliyeidharau nchi siku ile. Utaratibu tu haukuwa umefikiria mkasi wa daktari.

Sasa jambo zito zaidi, Osama bin Laden. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, watu 224 wakafa, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Tarehe 20 Agosti Clinton alirusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Baada ya hapo, dai la wapambe na maafisa wengi ni lile lile: nafasi zilikuwepo, rais akasita. Hili lina hati ya kupimia. Tume ya uchunguzi wa mashambulizi ya Septemba 11 ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na inaeleza nafasi hizo moja moja: Kandahar Desemba 1998, kambi ya uwindaji jangwani Februari 1999, Kandahar tena Mei 1999.

Soma sababu zake kwa makini. Kombora la masafa lililo kwenye meli halifiki papo hapo. Kutoka amri hadi mlipuko ni saa kadhaa, kwa hiyo ilibidi kujua alipo bin Laden sasa na atakapokuwa baada ya saa hizo. Habari mara nyingi zilitegemea chanzo kimoja. Palikuwa na hofu ya kuua raia, na ile kambi ya Februari ilikuwa na wageni wakubwa kutoka Falme za Kiarabu. Tume haikumsafisha rais, na inaonyesha pia kwamba maafisa wa chini walikasirika sana, hasa kwa nafasi ya Mei. Ndiyo maana mwenye mkoba aliyesimama ukumbini anaweza kusema kweli tupu, kwamba amri ilisubiriwa na haikuja, na bado asijue neno hata moja la ubishi uliokuwa ndani. Usimwite mwongo. Mwandike kwenye safu ya tatu, uende ukaisome ripoti.

Yako malalamiko yanayohitaji hesabu tu. "Alilimaliza jeshi" ni mojawapo. Askari wa kudumu wa Marekani walikuwa kama milioni 2.1 mwaka 1989, kama milioni 1.8 mwaka 1992, na kama milioni 1.4 mwaka 2000. Clinton aliingia Januari 1993. Upunguzaji ulianza kabla yake, vita baridi ilipokwisha, yeye akauendeleza. Anayetaja ncha ya mwisho peke yake anakuuzia nusu ya mzani.

Mogadishu ni vilevile. Wanajeshi 18 wa Marekani walikufa katika mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Operesheni ya Marekani huko Somalia ilianzishwa na George Bush (baba) Desemba 1992, ombi la vifaru lilikataliwa Septemba 1993 na waziri wa ulinzi Les Aspin, na Aspin akatangaza kujiuzulu Desemba mwaka huo. Rais anabeba dhamana ya jumla, lakini ukiandika "rais alinyima vifaru" umeandika kitu kingine.

Angalia pia mizani ya msemaji mwenyewe. Afisa wa Marekani huhesabu askari wake, meli zake, heshima ya sare. Mtu wa Goma aliyeona Julai 1994 wakimbizi wakimiminika mpakani, na kipindupindu kikafuata, ataanza hesabu ya uongozi wa Clinton mahali pengine kabisa: Wanyarwanda waliuawa miezi mitatu, Washington ikijikunyata kwa sababu ya Mogadishu, na tarehe 25 Machi 1998 rais akasimama Kigali kukiri kwamba hawakufanya ya kutosha. Kama orodha ya lawama haina 1994, msomaji wa Kivu ana haki ya kuuliza usalama unaoongelewa ni wa nani.

Tazama tarehe ya kutoka kwa ushahidi. Kanuni ya jeshi la Marekani, kifungu cha 88, humzuia afisa aliye kazini kumtukana rais, kwa hiyo karibu kila kitu cha namna hii hutoka baada ya kustaafu. Hilo peke yake si dhambi. Lakini andika pembeni umbali kati ya tukio na kuchapishwa, na kama uchaguzi ulikuwa karibu. Tena wenye siri za dola hutakiwa kupeleka maandishi yakaguliwe kwanza, hivyo pengo katika simulizi laweza kuwa la mkaguzi, si la mwandishi.

Hapa kwetu watu huchanganya vitu vitatu. Aide de camp ni mtu mmoja mmoja aliye karibu na mwili wa rais. Maison militaire ni ofisi ya ushauri na uratibu wa kijeshi ya mkuu wa nchi. Garde républicaine ni kikosi chenye silaha. Askari aliyelinda geti la nje miaka kumi hakukaa hata siku moja kwenye Conseil supérieur de la défense, baraza ambalo rais huliongoza kwa kifungu cha 83 cha katiba ya 2006. Na kutangaza vita, kifungu cha 86 kinataka baraza la mawaziri, maoni ya baraza hilo la ulinzi, na idhini ya Bunge na Seneti. Anayesema "rais aliamua peke yake usiku" amekupa dai zito, mdai mlango.

Wakongomani walilijua vizuri neno hilo la aide de camp tarehe 16 Januari 2001, Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi, kisha mpambe wake, Kanali Eddy Kapend, akatokea kwenye televisheni kutoa maagizo. Alihukumiwa kifo mwaka 2003, akakana siku zote, akatoka gerezani Januari 2021 kwa msamaha wa rais. Miaka ishirini watu waliusoma uso wake wa dakika zile chache kana kwamba ni hati. Haikuwa hati. Ilikuwa safu ya pili, mahali alipokuwa, na mengine yote mitaani yaliandikwa kwenye safu ya nne.

Kwa wanaoendesha kipindi cha redio au ubishi wa mtaa, video ya afisa mstaafu ikiletwa, msiipige yote kisha mfungue simu za wasikilizaji. Ipigeni hadi dai la kwanza, simamisheni, ulizeni matatu: alikuwa kikosi gani, tarehe gani hadi gani, ndani au nje ya mlango. Tarehe za utumishi ndizo huangusha wengi, maana mtu husimulia kwa "sisi" jambo lililotokea akiwa ameshahamishwa. Kama video haijibu, semeni hewani kwamba haijibu, halafu pitieni dai la pili.