Maswali ya Wasomaji: Kinanda Kisicho na Sauti Yake

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu wa kwaya mjini Morogoro. Nimenunua kinanda cha MIDI chenye vibonye 49 ili niwafundishie wanakwaya wangu sauti nne. Nimekiwasha kwa chaja ya simu na taa zake zinawaka, kisha nikachomeka waya wa spika katika tundu la duara lililoko nyuma, lakini hakitoi hata mlio mmoja. Je, nimeuziwa kibovu?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo yako kinanda hicho ni kizima, na nasikitika kwamba aliyekuuzia hakukueleza kwanza ni chombo cha namna gani. Kinanda cha MIDI, yaani kinachotumia lugha ya namba ambayo ala za muziki na kompyuta huzungumza, hakina sauti ndani yake. Unapobonyeza kibonye hutuma ujumbe mfupi wa namba unaosema ni kibonye kipi kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa kasi gani, na baadaye kwamba kimeachiwa. Do ya katikati ya piano, kwa mfano, ni namba 60, na kasi ya kidole hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Ni kama karatasi ya noti unayowagawia wanakwaya wako: kila kitu kimeandikwa humo, lakini mpaka sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zifungue vinywa, hakuna wimbo unaosikika. Tundu ulilochomeka spika huenda ni la pedali, yaani kikanyagio cha kurefusha sauti, kwa kuwa katika vinanda vingi vya ukubwa huo ndilo tundu pekee la duara, na linafanana sana na la spika.

Anayeimba ni kompyuta. Chomoa kinanda katika chaja, ukiunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, na uhakikishe kwamba waya huo unapitisha data, maana baadhi ya nyaya zinazouzwa pamoja na chaja za simu hupitisha umeme tu, nazo zimewapotezea wengi siku nzima ya kutafuta kosa lisilokuwapo. Vinanda vingi vya leo hutambuliwa na kompyuta bila kusakinisha draiva yoyote, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Kisha weka programu ya muziki. Ukiwa na Windows waweza kuanza na LMMS, ambayo hailipiwi, na ukiwa na Mac unayo GarageBand. Ndani ya programu fungua chombo, tuseme piano, na kama ni LMMS, katika sehemu yake ya MIDI uchague jina la kinanda chako kuwa ndicho kinachotuma noti. Watu wengi hukwama katika hatua hii ya mwisho, kwa sababu kompyuta kukiona kinanda hakumaanishi kwamba chombo ulichokifungua kimeambiwa kikisikilize. Spika sasa uichomeke katika tundu la visikilizio la kompyuta.

Hutalazimika kutafuta programu ya kampuni iliyotengeneza kinanda chako. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani kiliunganishwa na Jupiter-6 cha Roland ya Japani, na kimoja kikakipigisha kingine mbele ya watu. Lugha ile ya namba waliyokubaliana washindani wale ndiyo inayozungumzwa na kinanda chako mpaka leo.

Ukishasikia sauti, huenda ukagundua kwamba inachelewa baada ya kidole, jambo linalomwondoa mpigaji kabisa katika mapigo. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Ikiwa inatumia sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 1,024 peke yake huchukua takriban milisekunde 23, ilhali fungu la sampuli 256 huchukua karibu milisekunde 6. Katika mipangilio ya sauti punguza ukubwa wa fungu hatua kwa hatua, na sauti ikianza kukwaruza urudi hatua moja nyuma. Programu nyingi za kulipia za Windows hutumia draiva iitwayo ASIO ili kupunguza ucheleweshaji huo. Ninakusihi pia usitumie spika ya Bluetooth wakati wa kupiga, kwa kuwa huongeza ucheleweshaji ambao hakuna mpangilio wa programu unaoweza kuuondoa.

Swali: Pedali yangu inafanya kazi kinyume: nikiikanyaga sauti inakatika, nikiiachia inaendelea kuvuma. *Msomaji wa Nakuru.*

Jibu: Zima kinanda, uache pedali ikiwa imechomekwa, kisha ukiwashe bila mguu wako kuigusa. Vinanda vingi hupima pedali wakati wa kuwashwa na kuichukulia hali vinayoikuta kuwa ndiyo ya kuachiwa. Kama haikusaidia, tazama chini ya pedali, kwani baadhi zina swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi hupiga kinanda katika kikundi cha taarabu hapa Unguja. Nikitumia kinanda cha MIDI na kompyuta, nyimbo za maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rast na Bayati hazikubaliani na udi wala na ala ya kanuni. Je, robo toni inawezekana?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Inawezekana, na swali lako limenifurahisha, kwa sababu wapo wanaotoa kinanda katika taarabu kwa kudhani kwamba vibonye vyake haviwezi kufundishika. Kumbuka kwamba kibonye hutuma namba tu. Ni chombo kilichomo ndani ya kompyuta kinachoamua namba hiyo isikike kwa kimo gani. Kwa kawaida oktava hugawanywa nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100, na hapo ndipo unapogombana na udi.

Dawa ya kwanza ni gurudumu la kupindisha sauti. Lina hatua 16,384, katikati yake ikiwa 8,192, na likipangwa kupindisha toni nzima juu na chini, kama ilivyo katika vyombo vingi, robo toni chini, yaani senti 50, huwa hatua 2,048 kutoka katikati, na gurudumu husimama kwenye 6,144. Kasoro yake ni kwamba hupindisha noti zote za chaneli ile (njia moja ya ujumbe wa MIDI) kwa pamoja, hivyo ukishika Do na Mi kwa wakati mmoja, hata Do itashuka.

Ninayoipendelea ni njia ya pili, ya kubadilisha jedwali la kimo. Programu ya Surge XT, ambayo hailipiwi na hufunguka peke yake bila programu nyingine, husoma mafaili ya Scala, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayotaja senti za kila noti ya oktava. Kwa Rast inayoanzia Do, andika Mi kuwa senti 350 badala ya 400, na Si kuwa 1,050 badala ya 1,100. Kwa Bayati inayoanzia Re, Mi hiyo hiyo ya 350 ndiyo utakayoihitaji. Hesabu hizo ni mwanzo tu: keti na mpiga udi au fidla wa kikundi chenu, apige noti yake taratibu, nawe usogeze senti tano tano mpaka zile sauti mbili ziache kupigana, kwa sababu noti hiyo haikai mahali pamoja kwa wapigaji wote, na sikio la kikundi chenu lina haki kuliko jedwali langu. Kisha hifadhi faili moja kwa kila maqamu na kila mwanzo, ili mkihama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine jukwaani usilazimike kuandika chochote, na lile gurudumu libaki kwa ajili ya kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama fidla inavyofanya.