Siki, chumvi au bekingi soda: tungule na saladi nikoshe na nini?

SUALI: Asalam alaykum daktari. Mimi ni mama, nipo Chake Chake. Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp unasema matunda na mboga zikoshwe kwa siki na bekingi soda ukichanganya pamoja, ndo dawa za shamba zinatoka zote. Mama mkwe anasema chumvi inatosha, ndo walivofanya siku zote. Jirani yangu yeye anakoshea sabuni ya unga kabisa. Nna mtoto mdogo keshaanza kula, naogopa. Nifate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Naanza na jirani mana hilo ndo linonitisha zaidi, sabuni ya unga aiwache leo leo. Tungule na majani ya saladi yana vitundu vidogo vidogo macho hayavioni, sabuni inapenya mle na hata usuuze vipi nyengine inabaki alafu mnaila. Sabuni ni ya mikono yako kabla hujashika mboga, na ya beseni, kisu na ubao wa kukatia.

Hio ya siki na bekingi soda pamoja, hapana. Kila kimoja peke yake kina kazi yake lakini ukivichanganya vinauwana. Lile povu linalofoka watu wanaona ndo dawa inafanya kazi, kumbe ni asidi ya siki na soda zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, gesi inapanda juu na kwenye beseni unabakiwa na maji ya chumvichumvi yasokuwa na nguvu yoyote.

Jiulize kwanza unataka kutoa nini, mana dawa za shamba, vijidudu vya maradhi na mchanga ni vitu vitatu tofauti na hakuna kitu kimoja jikoni kinachoviweza vyote.

Kwa dawa za shamba bekingi soda ndo ina ushahidi mzuri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani walichukua maepo wakayapaka dawa mbili za mashambani, wakayaloweka kwenye maji ya bekingi soda kama gramu 10 kwa lita, na ilichukua dakika 12 mpaka 15 dawa iliyokuwa juu ya ganda kutoka. Lakini dawa ilokwisha kupenya ndani ya ganda haikutoka, na hili lazima ulijue kwa sababu huo ujumbe wa "zote" si kweli. Kwa hapa kwetu vijiko viwili vya chai vya kufuta kwa lita moja ya maji vinatosha, loweka tungule, matango, pilipili boga, robo saa hivi, alafu sugua moja moja kwa mkono na usuuze. Zile tungule zinazokuja na vumbi jeupe limegandia karibu na kikonyo, hizo hasa. Na angalia pakti vizuri, bekingi poda si bekingi soda, poda tayari imeshatiwa asidi ndani yake na unga, haitokufaa.

Siki ni kwa vijidudu. Kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa vikombe vitatu vya maji, dakika tano mpaka kumi, alafu suuza kwa maji safi. Inapunguza bakteria, haiwamalizi. Mimi naitumia kwa vitu vinavyoliwa vibichi tu, saladi, kotmiri, matango ya kachumbari, kwenye mchicha utaoupika unapoteza siki yako bure. Na kukamulia ndimu kwenye kachumbari dakika ile ya kula hakusimami badala ya kukosha.

Mama mkwe nae hajakosea, ila chumvi ina mpaka wake. Maji ya chumvi yanafukuza viwavi na wadudu walojificha ndani ya kabichi na hilo ni jema. Lakini bakteria wa kipindupindu ni kiumbe wa maji ya chumvi, kwao ni kwenye mito inapokutana na bahari, kwahivyo kumloweka kwenye chumvi hakumshughulishi. Sisi tulokuwepo visiwani 2015 na 2016 kipindupindu kilipotupitia hatuwezi kulichukulia hili kirahisi.

Na hapa ndo kwenye jambo kubwa kuliko siki na soda: maji yenyewe. Ukikoshea maji ya kisima kifupi wakati wa masika, mvua imejaza vyoo vya shimo na mawe yetu haya ya matumbawe yana nyufa maji yanapita tu, basi unaitia mboga uchafu ambao haikuwa nao. Fanya hivi, maji ya mwanzo ya kutoa mchanga yawe ya mfereji, ya mwisho ya kusuuzia vitu vibichi yawe yalochemka mpaka yakatokota kwa dakika moja yakapoa kwenye chombo chenye kifuniko. Kama huna mfereji mtu akumiminie kwa kopo huku wewe unasugua, maji yanayopita juu ya kitu pamoja na mkono unaosugua ndo yanafanya sehemu kubwa ya kazi yote hii.

Mchicha kata mizizi, tenganisha majani, yatose kwenye beseni lilojaa maji uyatikise, mchanga uzame, kisha YATOE majani kwa mikono. Usimwage maji majani yakiwa bado mle mana mchanga unarudi juu yake. Rudia mpaka chini ya beseni paonekane pasafi.

Tungule zilokaa juani sokoni usizitumbukize kwenye maji ya baridi pale pale. Tungule ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inavuta maji ndani kupitia pale kwenye kikonyo, na inavuta na kilichomo kwenye hayo maji. Ziwache kivulini zipoe kwanza.

Embe, papai, nanasi, tikiti, hata kama ganda unalitupa kosha kabla ya kukata, kisu kinapita kwenye ganda alafu kinaingia ndani na kila kilichokuwa nje.

Kwa huyo mdogo, kwa sasa saladi mbichi na kachumbari subiri. Mchicha, karoti, boga vipike viive, ndizi na papai mpe ulokosha na kumenya mwenyewe muda ule ule, na lile tikiti lilokatwa tayari barabarani usimpe. Vitu unavyotaka kuviweka siku mbili tatu usivikoshe mapema, unyevu unavioza, kosha unapotaka kutumia.